Shajara ya mradi: Tanuri la Dada

9 Januari, asubuhi

Simu imelia saa kumi na mbili, mswala ungali chini. Dada, kutoka Minneapolis, Marekani. Kwao ilikuwa saa tatu usiku wa jana, maana sisi tunawatangulia kwa saa tisa. Akaanza na Mama hajambo, watoto hawajambo, joto la kaskazi limeanza huko Malindi? Nikajua kuna jambo. Dada hapigi simu saa hiyo kuuliza habari za upepo.

"Tanuri limezima," akasema.

Kwa atakayesoma bila kujua: kule nyumba nzima hupashwa joto na mtambo mmoja unaokaa chini, kwenye besmenti. Unachoma gesi inayoletwa na bomba kutoka barabarani, kisha feni inasukuma hewa ya moto kwenye mifereji ya bati mpaka kila chumba. Wao huuita fanesi. Nyumbani kwetu tumezoea kusema tanuri, na Mama kila akilisikia neno hilo huona tanuu la chokaa, matumbawe na magogo yanafuka moshi, halafu huuliza wale watoto wanalalaje juu yake.

Nje palikuwa na digrii 8 chini ya sifuri kwa kipimo chao cha Farenhaiti, ambazo ni kama 22 chini ya sifuri kwa kipimo chetu. Ndani ya nyumba, 54 zao, yaani 12 zetu, na zinashuka. Mimi ni fundi wa friji na eisi. Riziki yangu ni baridi. Friza la samaki lililoko mezani sasa hivi, nikilifikisha 18 chini ya sifuri nimemaliza kazi na nadai changu. Dada anaishi ndani ya friza kali kuliko yote niliyowahi kutengeneza, na kilichomtenga nalo ni ukuta wa mbao.

Kampuni moja ilikuwa imeshafika jioni. Dola 179 za kuja tu, kwa sababu saa za kazi zimepita. Kijana akafungua kifuniko, akamulika tochi dakika kumi, akasema mtambo una miaka 17, bodi imekufa, kuibadilisha ni dola 860 lakini yeye hashauri. Afadhali mpya, dola 7,900, na wakitia sahihi usiku uleule watapunguziwa 400. Shemeji yuko njiani na lori, huko Wyoming. Dada hakutia sahihi.

Nikamwuliza, "Alipima nini?"

"Hakupima kitu. Alitazama."

Basi nimefungua ukurasa mpya kwenye daftari hili la kazi, kama ninavyofungua kwa hoteli yoyote: tarehe, kilichoonekana, kilichofanywa, pesa.

9 Januari, usiku

Mpwa wangu wa miaka kumi na minne ndiye mikono yangu. Shule zao zimefungwa leo kwa baridi, hivyo saa mbili yetu ya usiku, saa tano ya mchana kwao, ameshuka besmenti na simu na koti. Nimemwambia asiguse chochote. Aonyeshe tu.

Tumeanza na vitu vya aibu, maana ndivyo vinavyokula pesa za watu. Swichi ya ukutani iko juu. Betri za themostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, ni nzima. Filta alipoivuta ilitoka ya kijivu, nene kama godoro la paka. Filta ikiziba, hewa haipiti, mtambo unapata moto kupita kiasi na swichi ya usalama inakata. Tumeitoa, tumejaribu bila filta kwa dakika chache. Bado.

Kisha nikamwambia apandishe themostati na tutazame mtambo ukijaribu kuwaka tangu mwanzo. Feni ndogo ya moshi ikaanza kuvuma, hiyo ni ya kuvuta gesi iliyoungua na kuitoa nje. Swichi ya shinikizo ikahakikisha kweli inavuta. Kiwashio kikaiva chekundu kama waya wa pasi. Vali ya gesi ikagonga, puh, moto wa buluu ukapita kwenye midomo yote minne. Moja, mbili, tatu, nne. Ukazima. Ukangoja, ukaanza upya. Ukazima. Mara ya tatu ukazima na taa ndogo kwenye bodi ikaanza kupepesa.

Hapo nikacheka peke yangu karakanani. Bodi iliyokufa haihesabu mpaka tatu. Bodi hii iliwasha feni kwa zamu yake, ikaruhusu gesi kwa zamu yake, ikakata kwa sababu haikuambiwa kwamba moto umeshika, na ikatoa ishara. Nyuma ya kifuniko kuna karatasi ya kueleza mipepeso. Mpwa akaisoma: moto haukuonekana.

Kilichopaswa kuuona ni kijiti kimoja cha chuma, kirefu kama penseli, kimesimama katikati ya miali. Kwenye majiko ya gesi ya mahotelini nimezoea themokapo, ile inayopata joto na kutoa umeme kidogo. Hiki si ndugu yake. Hiki hutegemea kwamba moto wenyewe hupitisha umeme, na huupitisha vizuri upande mmoja kuliko mwingine. Bodi inapeleka umeme wa kwenda na kurudi, moto unaugeuza kuwa wa upande mmoja, na bodi ikiuona huo wa upande mmoja inajua kuna moto kweli, si waya uliogusana na bati. Ni mikroampi chache tu. Ampi moja ina mikroampi milioni. Utando mwembamba wa uchafu kwenye kijiti unatosha kuuzuia.

Nimemwambia Dada walale chumba kimoja leo, wafungulie mabomba yachuruzike kidogo yasigande, wafungue milango ya kabati chini ya sinki ili joto la ndani lifikie mabomba. Kesho tutasafisha.

10 Januari

Kazi ya dakika kumi na tano ambayo tumeifanya kwa saa moja. Nilimtaka mpwa azime swichi ya ukutani, afunge gesi kwenye mkono wa bomba, halafu anionyeshe vyote viwili kwa kamera mara mbili. Nikamwekea mpaka: vali ya gesi na bomba lake si vyetu. Kiwashio pia asikiguse hata kwa kidole, ni kama kioo, na mafuta ya ngozi hukiharibu kinapoiva.

Skurubu moja. Kijiti kikatoka. Nilitegemea masizi meusi; kilikuwa cheupe-cheupe tu, kama kijiko kilichokaa kwenye maji ya kisima. Nikamwambia asugue kwa uzi laini wa chuma, ule wa sufuria, mpaka king'ae, afute kwa kitambaa kikavu, arudishe.

Moto ukashika. Moja mpaka ishirini, haukuzima. Baada ya muda feni kubwa ikaanza, moto ukainama upande mmoja kama mshumaa mtu akipita mlangoni, ukasimama tena. Dada akapiga kigelegele huko juu, nikakisikia kupitia mifereji ya bati. Kisha stima ikakatika kwetu na picha ikapotea.

Gharama hadi leo: dola 179 za kijana wa tochi. Filta mpya, dola 14. Kazi yetu, bure.

11 Januari

Nyumba ni 68, yaani 20 zetu. Mama ametaka kujua kama ni kweli tanuri limepona kwa kusuguliwa kijiti. Nikamwambia ni kweli. Ameeneza habari barazani, na mchana jirani wawili wameniletea pasi.

14 Januari

Theluji iliziba bomba la plastiki linalovuta hewa nje ya ukuta. Mtambo ukakataa kuwaka, ishara ikawa ya swichi ya shinikizo. Mpwa akasoma karatasi, akatoka na koleo la theluji, akazibua, akanipigia baadaye kunieleza. Mabomba hayo yakae wazi, nimemwambia, kila theluji ikianguka atoke atazame. Mimi nilikuwa Casuarina, hapa Malindi, kwenye eisi ya mgeni anayetaka chumba kiwe 16.

17 Januari

Leo naandika polepole.

Dada alipiga ili kuongea tu. Katikati akasema kichwa kinamwuma wiki nzima, labda ni zamu za usiku. Mdogo naye analalamika kichwa na kichefuchefu. Nikamwuliza kwa mzaha kama kazini pia kinamwuma. Akasema hapana, akifika kazini kinapoa.

Mwili wangu ulikufa ganzi. Kichwa kinachouma nyumbani na kupoa ukitoka ni dalili ambayo kila anayeshughulika na moto wa ndani anapaswa kuijua. Kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Nikauliza kengele yake iko wapi, maana sheria ya Minnesota, jimbo lao, inataka iwepo ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala. Ipo, akasema, pale ukumbini, ila walitoa betri mwaka juzi kwa sababu ilikuwa inalia piipii. Kengele hizo zina umri. Zikizeeka hulia hivyo ili ubadilishe. Wao walidhani imeharibika.

Nikamwambia, "Dada, toka. Toka na watoto sasa hivi, usifunge dirisha, usitafute koti zuri. Mkiwa nje pigeni simu ya dharura."

Watu wa gesi walifika upesi, bila malipo, na vipimo vyao. Gesi ile ilikuwamo ndani, si nyingi ya kuua siku hiyo, lakini ilikuwamo, na ilipanda kila feni kubwa ilipofanya kazi. Wakafunga gesi ya mtambo na kuning'iniza kibandiko chekundu: usiwashwe. Watoto walipimwa na wahudumu wa gari la wagonjwa palepale, wako salama. Alhamdulillahi.

Usiku nimerudia ile video ya tarehe 10. Nimeirudia mara kumi. Feni kubwa inaanza, moto unainama. Niliandika hapo juu kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa maneno mazuri, "kama mshumaa mtu akipita mlangoni." Nani alipita? Ndani ya mtambo usio na kasoro moto unakaa kwenye mirija yake ya chuma, na hewa ya nyumba inapita nje ya mirija hiyo, haikutani nao. Feni ya hewa ikiwaka na moto ukatikisika, hewa imepata mahali pa kuingilia. Mrija umepasuka. Moto uliovurugwa hivyo hauungui sawasawa, na hapo ndipo kaboni monoksaidi inapozaliwa.

Kijiti kilikuwa kichafu kweli, na kukisafisha kulikuwa sawa. Lakini nilitibu homa nikamruhusu mgonjwa. Yule kijana wa tochi alikosea bodi, na mimi kwa kumshinda kwenye bodi nikajiona nimemaliza.

18 Januari

Nje kwao, 15 chini ya sifuri kwa selsiasi. Hawana tanuri.

Wamekataa kwenda kwa jirani kwa sababu ya mabomba. Yakiganda na kupasuka hasara yake inashinda mtambo. Dada amenunua hita mbili za umeme, zile zenye mafuta ndani, dola 130 zote mbili. Kila moja wati 1,500. Akazichomeka mbili kwenye soketi mbili za chumba kimoja, breka ikaruka. Nilijua itaruka. Umeme wao ni volti 120, nusu ya wetu, kwa hiyo wati zilezile zinavuta ampi mara mbili: 12.5 kwa hita moja, na nyaya za chumba zimewekewa breka ya ampi 15. Moja kila sakiti, yaani kila njia ya nyaya yenye breka yake, nikamwambia, moja kwa moja ukutani, usitumie ekstensheni, na iwe mbali na pazia na kitanda kama hatua moja kubwa.

Wati 1,500 ni kama BTU 5,100 kwa saa, kipimo tunachopimia nguvu ya joto na baridi. Kibao cha tanuri lao kimeandikwa 80,000. Eisi ninayofunga vyumbani huku ni 12,000. Yaani kazi ya mtambo ule ni eisi zangu karibu saba kwa mpigo, na Dada anaifidia kwa hita mbili. Nyumba imesimama 49 zao. Wanalala wote wanne sebuleni, koti juu ya koti.

Mama: "Si wawashe jiko la makaa, waliweke katikati, kama tulivyofanya sisi mvua za Juni."

Hii imekuwa mazungumzo marefu jikoni. Mama ametulea kwa jiko hilo, na nyumba zetu zile za madirisha yasiyofunga vizuri na makuti yanayopumua zilituhifadhi bila sisi kujua. Nyumba ya Dada imezibwa kila ufa kwa ajili ya baridi. Makaa ndani yake ni gesi ileile iliyotufanya tuwatoe nje jana. Na siku hizi hata huku nyumba ni za zege na madirisha ya kioo, na kila mwaka tunasikia watu waliolala na jiko ndani wasiamke. Mama amenyamaza, kisha akalitoa jiko lake mwenyewe nje ya mlango. Sikumwambia alitoe.

19 Januari

Fundi mwingine amekuja, mzee mmoja anayefanya kazi na mwanawe tu. Dola 95 kukagua, na akasema akipata kazi ataziondoa kwenye bei. Akaingiza kamera ya waya ndani ya mirija na kumwonyesha Dada kwenye kioo: ufa kwenye mkunjo, mrefu kama kucha ya kidole gumba. Dada akapiga picha akanitumia. Ndicho kitu ambacho ningewaambia watu wote wadai. Ukiambiwa tanuri limepasuka, omba kuonyeshwa. Wapo wanaouza mitambo kwa ufa wasiouona, na wapo wateja wanaokataa ufa ulioko kweli kwa kuogopa kuibiwa. Picha inawamaliza wote.

Mama naye: usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu hauzibwi, Mama. Chuma hicho hupanuka na kusinyaa kila kinapowaka, ukikichomelea kitafunguka pembeni. Ni kubadilisha sehemu yote au mtambo wote.

Sehemu yote: ina dhamana ya kiwanda ya miaka 20, ila ni ya mnunuzi wa kwanza, na wao walinunua nyumba mkononi mwa mtu. Hata ingetolewa bure, kazi ya kuvunja mtambo wote na kuurudisha ni dola 1,800. Mafundi wa kule wana hesabu ya haraka: zidisha umri kwa gharama ya matengenezo, ikipita 5,000 usitengeneze. Kumi na saba mara 1,800 ni 30,600. Hesabu hiyo mimi siipendi sana, ni ya mtu anayeuza vipya, na kwa kijiti cha kusugua ingekuwa upuuzi. Hapa haina ubishi. Ukitia moyo mpya kwenye mtambo wa miaka 17, feni na vali na bodi bado ni za miaka 17.

20 Januari

Bei tatu mezani. Nimezitazama kwa jicho la eisi, na hapo nimejiona nina faida kuliko kwenye moto.

Ya kwanza, kampuni ya kijana wa tochi: bado 7,900, mtambo wa BTU 100,000. Kwa nini mkubwa kuliko wa zamani? "Ili msipate baridi tena." Nalijua neno hilo. Kila wiki napigana na mwenye nyumba anayetaka eisi ya 24,000 kwenye chumba cha 12,000. Itapoza kwa dakika tano na kuzima, itawaka na kuzima mchana kutwa, chumba kibaki baridi na unyevu kama pango, kompresa ife mapema. Tanuri nalo likizidi ukubwa linafanya hivyohivyo: linawaka kwa kishindo, linazima, linawaka, chumba cha karibu kinaungua na cha mbali kina baridi. Na huko kuwaka na kuzima ndiko kunakochosha chuma mpaka kipasuke.

Ya pili, dola 4,300. Mtambo wa asilimia 80, maana yake katika kila gesi ya dola mia, ya themanini inabaki ndani ya nyumba na ya ishirini inatoka na moshi. Moshi wake ni wa moto sana, hauwezi kupita kwenye mabomba ya plastiki waliyonayo. Unataka dohani la chuma, ambalo halimo kwenye bei. Na alisema kibali cha mji si lazima, "tutamaliza haraka." Hapo nikaacha kusoma.

Ya tatu, mzee: 5,650. Alipima kuta, akahesabu madirisha, akapanda darini kuona pamba ya kuzuia joto ni nene kiasi gani, kisha akasema 60,000 zinatosha. Mdogo kuliko wa zamani! Asilimia 96, mabomba mapya, mfereji wa maji yanayotoka kwenye moshi uliopoa, kuondoa wa zamani, kibali na ukaguzi wa mji ndani ya bei. Dada akamwuliza kama utajilipa kwa gesi utakayookoa. Akajibu kwamba wa zamani ulikuwa asilimia 92, kutoka hapo hadi 96 ni kidogo, asitegemee. Mtu anayekataa kukuuzia hoja nzuri, mwachie kazi.

20 Januari, baadaye

Pesa. Dada ana 2,000. Shemeji ataleta 1,000 akifika Ijumaa. Wameuliza mpango wa serikali wa kusaidia joto. Kule wenye nyumba hupata hata msaada wa kutengeneza tanuri, si bili ya gesi tu, lakini mapato ya lori yamewavusha mstari kidogo.

Ndipo likatoka ambalo hakutaka kusema. Ana dola 1,200 kando, za paa la Mama. Alikuwa anaziweka tangu Julai ili mabati yafike kabla ya masika. Na tanuri halijaguswa na fundi miaka mitatu, ukaguzi wa kila vuli wa dola mia na kitu, kwa sababu kila vuli kulikuwa na jambo la huku. Mwaka juzi ada ya chuo. Mwaka wa kabla, jino la Mama na pampu ya kisima. Pampu niliiomba mimi.

Sikupata la kumwambia. Nikampa Mama simu.

Mama hakuongea sana. "Mwanangu, hilo paa limenivumilia miaka ishirini. Weka hizo pesa kwenye tanuri lako." Dada akaanza kulia, akasema hapana. Mama akasema, "Nimekwambia weka," kwa sauti ile aliyokuwa akitukemea nayo tukioga kisimani, na mazungumzo yakaisha.

Zilizobaki, 1,450, mzee amekubali zilipwe kwa miezi sita.

23 Januari

Mzee na mwanawe wameingia saa mbili asubuhi yao, wametoka saa kumi jioni. Sikuona hata nusu, nilikuwa ndani ya chumba cha barafu cha mteja na mtandao haufiki. Mpwa amerekodi sehemu moja tu, kwa makusudi: feni kubwa inapoanza. Moto umesimama kama umechorwa.

Mzee alipima moshi kwa chombo chake, akaandika tarakimu kwenye karatasi na kuibandika ubavuni mwa mtambo. Hilo la kuandika na kubandika nimeliiba. Kuanzia kesho kila friza linalotoka karakanani kwangu litakuwa na karatasi yake.

26 Januari

Mkaguzi wa mji amepita, ametia sahihi. Kengele mbili mpya za kaboni monoksaidi, dola 70, moja ukumbini karibu na vyumba, moja juu ya ngazi ya besmenti. Nimemwambia mpwa aandike kwa kalamu mwaka wa kuzibadilisha.

Jumla: ziara ya kwanza 179, filta 14, hita 130, kengele 70, mtambo 5,650. Dola 6,043. Kwa shilingi zetu sitaki kuandika, Mama anasoma daftari hili.

Laiti ukaguzi ungefanywa miaka ile mitatu? Ufa ungekuwepo vilevile, chuma kimechoka. Lakini ungeonekana Oktoba, mafundi hawana foleni, hakuna anayekuuzia usiku wa baridi, na watoto wangelala na koti ukutani.

3 Februari

Kazi ya huku. Nimepanda juu ya paa la Mama na turubai. Chumvi ya bahari imeyala mabati mpaka mengine yanapasuka kama kaki ukiyakanyaga, kwa hiyo natembea juu ya mbao tu. Nimefunika upande wa kusini, nimepiga vipande vya mbao juu ya turubai ili upepo usilinyanyue. Litafika mpaka Juni nikilichunga.

Mpwa amepiga simu ya video nikiwa juu. "Shikamoo, Mjomba. Nionyeshe."

Nikamzungushia simu. Bahari, minazi, turubai la buluu, kazi yangu nzuri.

"Rudisha nyuma," akasema. "Polepole. Hapo. Hiyo nyeusi karibu na mfereji ni nini?"

Nikainama. Lilikuwa tundu la kuingia ngumi, nje kabisa ya turubai, juu ya kitanda cha Mama.